Nani amekufa?

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama Missa Luba, ile Misa ya Kilatini yenye sauti za nyimbo za Kikongo, bado inafaa kuimbwa ndani ya Misa, au imebaki muziki wa jukwaani. Nimeshindwa kunyamaza, maana nimeiongoza mwenyewe, hapa hapa Lubumbashi, na nilidhani naijua.

Jibu la haraka ninalo: inafaa. Ilizaliwa altareni. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, aliiandaa na wavulana na walimu wa Kamina, mji wa huku kwetu Katanga, ile kwaya iliyoitwa Troubadours du Roi Baudouin, ikaimbwa kwenye Misa huko huko Kamina mwaka 1958, na mwaka huo huo wakavuka nayo Ulaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioruhusu lugha za watu ndani ya Misa, ulikuwa haujaanza, kwa hiyo maneno yakabaki ya Kilatini na sauti ikawa ya nyumbani. Wanaoiita onyesho wamekutana nayo kwenye santuri tu.

Ila kinachoniuma mimi ni kingine: tukiiimba, nani wa kutusahihisha?

Tulikuwa tunajiandaa kwa jubilei ya padri, miaka 25. Miezi miwili ya mazoezi, sauti nne, kila mtu na karatasi yake ya solfa. Kyrie, yaani Bwana utuhurumie, ndiyo iliyonisumbua. Teno anaanza peke yake, anashuka polepole, kwaya inampokea. Teno wetu alikuwa kijana mwenye koo safi, na mimi nilitaka kila noti aikanyage palepale ilipoandikwa. Nilimkatiza sijui mara ngapi. "Shikilia hapo, usiteleze."

Jumamosi ya mwisho kulikuwa na mama mmoja anafagia kanisa. Akaacha kufagia, akaja kusimama nyuma ya sauti ya pili, fagio mkononi. Tulipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, nani amekufa?"

Wanakwaya wakacheka. Yeye hakucheka. Ni mzaliwa wa Kasai, na alichosikia ni kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Akanieleza kwamba kwao mwimbaji wa kasala msibani humtaja marehemu, akamtaja baba yake, na babu yake, na waliomzaa babu, hadi wafiwa washindwe kujizuia. "Huyu kijana anaimba vizuri, lakini hajamtaja mtu." Kisha akaimba mistari miwili mitatu. Sauti ilikwaruza. Mwisho wa kila mstari ilianguka chini kuliko noti yoyote iliyokuwa kwenye karatasi yangu, ikakaa huko chini, haina haraka ya kupanda. Teno akajaribu "Kyrie eleison" juu ya mwanguko ule ule. Nikasikia ombi. Miezi miwili nilikuwa nimesikia noti.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hata Kamina Misa hii ilikua kwa kuitikiana mazoezini, noti zikaandikwa baadaye.

Ningependa kuwaambia kwamba tulibadilisha. Hatukubadilisha. Jubilei ilikuwa kesho yake, tukaimba kama karatasi ilivyosema. Kyrie ilipoisha waumini wakapiga makofi. Makofi, baada ya Bwana utuhurumie! Mpaka leo yananichoma, na kosa si lao.

Kwa hiyo lile neno "inafaa" nililoanza nalo sasa linanipa shida. Kwaya isiyo na mtu kama yule mama iimbe Missa Luba kwenye tamasha, hakuna ubaya, na Jumapili tuna Misa yetu ya Kongo, ule utaratibu wa Misa wa Zaire ambao Roma iliuidhinisha mwaka 1988, ina nyimbo za kutosha. Sanctus, yaani Mtakatifu, labda ningeiacha ibaki, maana imetokana na wimbo wa kuagana, na sijawahi kuona ikimpotosha mtu. Kyrie hapana, si kwenye jubilei wala arusi. Lakini msiba ukitufika parokiani, na yule mama yupo, nitamwomba yeye aanze, kwa majina, kisha teno ampokee.

Msomaji, Lubumbashi