Mtandao Ukikatika, Kinachopotea ni Ramani

SWALI: Nina Land Cruiser ya zamani na nataka kwenda Loiyangalani kutoka Marsabit, kupitia Maikona, Kalacha na North Horr. Muuzaji wa vifaa vya magari ameniambia simu haitafaa huko kwa sababu GPS ya simu hutegemea minara ya mtandao. Anataka ninunue kifaa cha kubandika kwenye kioo, pamoja na kadi ya kumbukumbu yenye "ramani za Afrika nzima, kila njia". Je, ni kweli? Ninunue nini? – Msomaji, Nanyuki

JIBU: Amekudanganya, na uongo huo unawagharimu watu pesa kila msimu wa safari. Simu yako na kifaa chake husikiliza setelaiti zilezile, zilizo karibu kilomita 20,200 juu ya dunia. Zikipatikana nne, simu inajua ilipo, bila bando na bila mnara. Mnara huharakisha mwanzo tu. Simu yenye mtandao huletewa taarifa za setelaiti papo hapo. Isiyo na mtandao huzisoma kutoka setelaiti zenyewe, kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde, kwa hiyo simu iliyokuwa imezimwa kwa muda mrefu inaweza kuhitaji dakika kadhaa kabla ya kutulia. Wengi husubiri dakika moja wakiwa ndani ya gari, kisha wanatangaza kwamba GPS imekufa. Simama mahali peupe, toka nje, subiri.

Hakikisha mwenyewe kabla ya kulipa chochote. Weka simu kwenye hali ya ndege, washa huduma ya mahali, kisha tembea uwanjani. Alama yako itasogea. Kinachoweza kukosekana ni ramani iliyo chini ya alama hiyo, kwa sababu programu nyingi huichota mtandaoni kipande kwa kipande kadiri unavyosogea. Dawa yake ni kuipakua Kenya yote ukiwa bado kwenye Wi-Fi. Programu za Organic Maps na OsmAnd zinatumia data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, na zinafanya kazi bila mtandao kabisa. Ramani ya Tracks4Africa ni ya kulipia, na kwa njia zako ina thamani yake, kwa kuwa imejengwa kwa safari zilizorekodiwa na madereva wenyewe na muda wa mwendo inaokupa unatokana na rekodi hizo. Google Maps nayo hupakuliwa, lakini picha za setelaiti haziji nayo.

Kwa safari moja, basi, chukua simu mbili zenye ramani zilezile, moja ikae kwenye begi. Ukitaka kioo kikubwa, jihadhari na iPad isiyo na sehemu ya laini: haina kipokezi cha GPS kabisa. Kifaa cha kubandika, kama cha Garmin, kina faida ya kweli kwa anayepita huko mara kwa mara, hasa kwa kuwa hakilemewi na jua haraka kama simu, ambayo ikipata moto juu ya dashibodi huacha kuchaji na hatimaye hujizima. Simu ifunge mbele ya tundu la hewa. Pia pima umeme wa gari lako, maana baadhi ya Land Cruiser za zamani ni za volti 24, na chaja ya volti 12 pekee inaweza kuungua.

Sasa hiyo kadi. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na afungue ukurasa unaoonyesha toleo na mwaka wa ramani. Kisha vuta karibu Kalacha na North Horr. Kama unaona majina matatu na mstari mmoja mweupe, hiyo si ramani ya kuendeshea gari. Kadi kama hizi huweza kuwa nakala za wizi zilizopitwa na wakati, au data ya OpenStreetMap ambayo ungeipata bure. Mwambie pia akokotoe njia hadi Loiyangalani. Kifaa ambacho ramani yake haina barabara zilizounganishwa huchora mstari ulionyooka hadi unakokwenda, na wapo madereva wanaoufuata hadi kwenye mawe ya volkano.

Jambo linalonisumbua zaidi ni hili: GPS inajua ulipo, haijui kama mbele kunapitika. Mstari kwenye ramani una maana kwamba mtu fulani aliwahi kupita pale, au aliuchora akitazama picha ya angani. Jangwa la Chalbi, lililo kwenye njia yako, ni sakafu ya ziwa lililokauka. Kiangazi alama za magari hutawanyika kila upande, na mvua ikinyesha, hata kama ni mbali, juu inaonekana ukoko mkavu na chini ni tope linalomeza magurudumu hadi ekseli. Laga, yaani mito ya msimu, nazo hubadili vivuko baada ya kila mafuriko. Ramani haitakuambia hayo. Zima chaguo la "njia fupi zaidi", zima na ukokotoaji upya wa njia, na uulize hali ya njia Maikona na North Horr, kwa madereva wa malori waliofika siku hiyo.

Kosa jingine ni la viwianishi, yaani namba za mahali unazoandika kwenye kifaa. Loiyangalani iko karibu digrii 2 na dakika 45 kaskazini, yaani 2.75, kwa kuwa dakika 45 ni robo tatu ya digrii. Ukiandika 2.45 umekosea kwa kilomita 33. Dereva aliyezoea Tanzania huongeza alama ya kutoa, ambayo ni ya kusini, bila kufikiri na kujipeleka kusini ya ikweta. Ukisoma viwianishi kutoka ramani za zamani za karatasi za serikali, zilizochorwa kwa Arc 1960, mfumo wa vipimo ulio tofauti na wa GPS, badilisha mfumo kwenye kifaa, la sivyo kila kisima kitahama takribani mita 300.

Tena, GPS hupokea tu. Haimwambii mtu yeyote kwamba umekwama. Anayetaka kuitisha msaada pasipo na mtandao anahitaji kifaa cha kutuma ujumbe kwa setelaiti, kama vile Garmin inReach yenye usajili uliolipiwa.

Ukitoka Marsabit, washa kurekodi njia kwenye simu zote mbili, na uweke alama kila unapovuka laga au kupita kisima. Mbele pakikataa, njia ya kurudi uliyoipita mwenyewe asubuhi ile ndiyo pekee unayojua kwamba inapitika.