Kumwachisha mtoto wa miaka miwili chuchu ya mpira

Pole, dada. Umesema mwanao ana miaka miwili, halali bila chuchu ya mpira, na bibi yake anataka uipake pilipili. Pilipili usithubutu, akijifikicha macho mtakesha nyote. Shubiri ndiyo iliyotuachisha ziwa wengi wetu, lakini hata hiyo siipendi.

Anza na mchana. Ifiche, na akiiulizia mpe maji kwenye kikombe au mtoke nje kidogo. Mchana ukishapita bila vilio, ndipo ugeukie usiku. Wangu nilimpa khanga niliyoshinda nayo, yenye harufu yangu, akawa anaishika huku nampapasa mgongo. Usiku wa pili nilishindwa nikamrudishia (jirani alishaanza kugonga ukuta), ikabidi nianze upya. Safari hiyo usiku wa nne alilala mwenyewe.

Usiikate ncha kama wengine wanavyoshauri, kipande kikimeguka kitamkwama kooni. Akiwa na homa, au mkiwa safarini, ahirisha. Na kama meno ya mbele yameanza kuachana, usihofu sana: akiacha mapema, mara nyingi hurudi yenyewe.