Dawa ya chawa ilikataa, sasa nimtie mtoto ile ya kupe?

SWALI: Habari daktari. Msichana wangu ako miaka 7, tunaishi Kaptembwa, na ako na chawa kwa nywele. Nilinunua dawa kwa kemisti nikampaka dakika 10 nikasuuza, kesho yake nikichana zikatoka zimekufa, nikafurahi. Wiki moja baadaye naona zingine zinatembea, ndogo ndogo, na mayai meupe bado yamejaa. Shosho yao ametuma kichupa cha dawa ya kupe kutoka Njoro anasema matone machache kwa maji na inaisha kabisa. Mzee naye anasema mafuta ya taa. Mimi nataka tu dawa ya nguvu inimalizie hii kitu. Ama ninyoe? Na niko na mtoto mwingine wa miezi 8 wanalala kitanda moja, godoro nichome?

JIBU: Mama, hicho kichupa cha shosho kitoe kwa nyumba kwanza ndio tuongee. Kitoe.

Sasa. Dawa yako haikukataa. Ilifanya kazi, wewe mwenyewe umeandika kwamba kesho yake walitoka wamekufa, na hawa umeona wiki moja baadaye ni wadogo wadogo. Hao si wale wa zamani walioponea, ni watoto wametoka kwa mayai juzi. Yai la chawa linachukua kama siku 7 mpaka 9 kuanguliwa, na permethrini ya asilimia 1, ambayo naamini ndio uliuziwa, inaua chawa anayetembea lakini yai inaliacha. Hiyo dawa inaua kwa kuvuruga neva za mdudu, na siku za kwanza kale kadudu ndani ya yai hakana hata neva bado, sasa itavuruga nini? Ndio maana unarudia siku ya 9, hapo unapata walioanguliwa wote na hakuna ameshakomaa kiasi cha kutaga. Ukikosa hiyo siku wanakua, na jike mmoja anaweza kutaga mpaka mayai 8 kwa siku, unarudi pale pale ulianzia. Aliyekuuzia alifaa kukuambia hivyo kabla hajakurudishia chenji. Inanikera sana juu sisi watu wa kemisti ndio tunauza hii dawa kama sabuni, chukua, lipa, mwenye anafuata, halafu mzazi akirudi anasema dawa ni feki.

Lakini hiyo si kitu ndio imenifanya nijibu swali lako wiki hii. Ni hayo maneno mawili, "ya nguvu". Nayasikia kwa kaunta kila siku. Ya chawa, ya upele, ya kunguni, ya mashilingi kwa kichwa, kila mtu anataka ya nguvu, na nikimwambia mama kwamba hii ya asilimia 1 inatosha kwa chawa ananiangalia kama mtu anamnyima. Halafu anaenda anachukua kitu ya ng'ombe. Mama, yai limefunikwa na ganda gumu, limebandikwa kwa unywele na gundi ambayo hata shampuu haitoi. Ngozi ya kichwa cha mtoto haina ganda. Tena msichana wako amejikuna wiki ngapi sasa, kuna vidonda vidogo huoni, na sumu inapita hapo mbio kuliko kwa ngozi nzima. Kwa hivyo ukiongeza nguvu ya dawa hauongezei chawa taabu, unamwongezea mtoto.

Kuna mzee mmoja aliniuliza swali la maana sana na nataka nilijibu hapa pia juu najua wengi wanalifikiria. Alisema, lakini daktari, si dawa yenu ya chawa imetoka kwa pareto, na dawa za mbu zimetoka kwa pareto, na za kupe zingine ni hiyo hiyo, sasa tofauti ni gani? Mimi nimekulia upande wa Molo, pareto nimechuma kwa mikono yangu, enzi zile Kenya ndio ilikuwa inaongoza dunia nzima kwa pareto, na ni kweli permethrini ilitengenezwa kwa kuiga kile kinachoua wadudu ndani ya lile ua. Jamaa ni wamoja. Lakini ile ya kemisti imepimwa kwa kichwa cha binadamu, asilimia 1, ndani ya losheni ambayo ngozi inavumilia. Ile ya zizi imewekwa ndani ya mafuta makali ya kuyeyushia, imekolezwa ili kofia moja iingie kwa maji mengi ya kuogesha ng'ombe wa kilo mia tatu, mia nne. Sasa "matone machache" ya shosho ni mangapi? Na mtoto wa miaka 7 ni kilo ngapi?

Na hiyo ni tukisema kichupa kina jamaa wa pareto. Mara nyingi hakina. Dawa nyingi za kupe huku kwetu ni amitrazi, ambayo ikiingia kwa mtoto inamlaza, moyo unapiga polepole, pumzi zinapungua, na hakuna dawa ya kuifuta, hospitali wanamsaidia tu kupumua mpaka mwili uitoe. Zingine ni zile za oganofosfeti, sumu ya wadudu inayovuruga neva za mtu pia, na hizo nimeziona na macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita mama aliingia kwa duka akiwa amebeba kijana wa kama miaka 4, anataka dawa ya homa ati mtoto anatoa jasho. Jasho ilikuwa inatiririka, mate yanatiririka, nilipomfungua jicho mboni ilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Nikauliza amekula nini, hajakula kitu. Amepakwa nini? Akanyamaza, halafu akasema jana usiku shangazi alimpaka dawa ya chawa kisha wakamfunga kichwa na karatasi ya nailoni mpaka asubuhi ndio wafe vizuri. Usiku mzima. Sikuuza kitu, tulimwosha kichwa na sabuni hapo hapo nyuma ya duka huku boda anangoja, wakaenda PGH, hospitali kuu ya hapa Nakuru. Alipona. Lakini alikaa kwa mashine ya kupumua, juu ya chawa, mdudu ambaye akiwa kwa kichwa haleti ugonjwa wowote zaidi ya kuwasha. Wale wanabeba homa za hatari ni chawa wa mwili, wanaoishi kwa mishono ya nguo, hao ni wengine.

Mafuta ya taa mwambie mzee asahau. Yanachoma ngozi, na mtoto akiyalamba au yakimwingia mdomoni ukisuuza yanateremka kwa mapafu, hapo umeanzisha nimonia ambayo haikuwa. Na jioni unapika na jiko la makaa ama stovu, mtoto ananuka mafuta anakuja kusimama karibu na wewe. Sitaki hata kumalizia hiyo sentensi.

Kitu kingine kinachowafanya watu wakimbilie sumu ni hayo mayai meupe. Mama, angalia vizuri. Yai lenye mtoto ndani liko karibu kabisa na ngozi, chini ya nusu sentimita hivi, na rangi yake ni kahawia, si rahisi kuliona. Hayo meupe yanayong'aa mbali na ngozi ni maganda matupu. Nywele zinaota kama sentimita 1 kwa mwezi, sasa ganda liko sentimita 2 juu limekaa hapo miezi miwili, hakuna mtu ndani. Lakini mzazi akiyaona anapaka tena, na tena, kesho kutwa tena, mpaka ngozi inachubuka, na hiyo kuwasha ya ngozi kuchubuka anaiita chawa. Usitibu maganda. Tibu ukiona mdudu anatembea.

Kwa huyu wako fanya hivi. Fumua nywele zote, kama alikuwa amesukwa na braids tupa hizo braids. Osha na shampuu ya kawaida isiyo na kondishona, juu kondishona inapaka unywele kama plastiki na dawa haishiki, na yale mafuta tunapaka watoto yatoke yote pia. Panguza na taulo, nywele zikiwa na unyevu tu ndio unapaka permethrini mpaka mizizi yote ilowe, nyuma ya masikio na kisogoni ndio wanapenda kukaa, macho afunike na kitambaa. Dakika 10 kwa saa, si kwa kukisia. Suuza akiwa ameinama kwa beseni, si akiwa anaoga mwili mzima, halafu usioshe hizo nywele siku mbili. Ukianza Jumamosi hii, unahesabu siku 9 mbele, unarudia Jumatatu ya pili inayofuata. Andika kwa kalenda ya ukutani.

Katikati hapo unachana, kila siku tatu nne, kwa wiki mbili. Najua hivi vichana vya chawa vimetengenezewa nywele za kuteleza, ukikitia kavu kwa nywele zetu za kipilipili mtoto analia na meno yanavunjika. Sasa hapa ndio kondishona inakuwa rafiki, ile siku ya kuchana weka nyingi, gawa nywele vifungu vidogo kama unataka kusuka, pitisha kichana kikubwa kwanza ndio kile cha meno ya karibu kifuate, kutoka kwa ngozi mpaka mwisho, na kila ukipitisha unafuta kwa tishu nyeupe uone umetoa nini. Inachukua saa nzima. Mkalishe mbele ya katuni. Hakuna chupa duniani itakufanyia hiyo kazi, na ndio sehemu watu wanaruka.

Kama kesho yake asubuhi ungeona wakubwa bado wanakimbia kama jana, hapo ningesema dawa imezoeleka, tubadilishe, kuna ile ya dimethikoni ambayo si sumu hata kidogo, inamfunika chawa tu mpaka ashindwe kuishi. Lakini wako hawakukimbia.

Kunyoa? Inafanya kazi, na sitakudanganya ati haifanyi. Ukimnyoa kabisa chawa hana pa kushika wala pa kubandika yai, imeisha. Kama yeye mwenyewe hana shida na hiyo, nyoa kwa mashine iliyosafishwa, ama wembe mpya wa kwake peke yake. Ila kuna wazazi wananyoa kisha wanapaka kitu juu "kumalizia", kichwa kimetoka kukwaruzwa. Ukishanyoa usipake chochote. Na kama hataki, msikilize, miaka 7 anaelewa wenzake watasema nini darasani, na hakuna haja ya kumwaibisha juu ya mdudu anayepata mtoto msafi na mchafu sawa, wanapata tu kwa kugusanisha vichwa. Haruki, hapai.

Huyo wa miezi 8 mwangalie kichwa. Kama hakuna anayetembea, usimpake kitu. Kama wako, permethrini ya asilimia 1 inaruhusiwa kuanzia miezi 2, lakini mlete kemisti tumwone kwanza. Na wewe pia angaliwa, na mzee, wote siku moja.

Godoro usichome, pesa iko wapi ya kuchoma magodoro. Chawa wa kichwa akitoka kwa kichwa anakufa kwa siku moja mbili juu amekosa damu. Shuka, foronya, kofia ya kulala, loweka kwa maji moto sana ama piga pasi, basi. Na usipulizie godoro dawa ya mbu, huyo mdogo analala hapo akivuta hiyo hewa usiku mzima.

Nikiwa hapo kwa dawa za kupulizia. Wale wa kutembea na spika kwa steji na sokoni, panya, mende, kunguni, viroboto, chawa, yote kwa kichupa kimoja kisicho na lebo, hao wametuumiza. Dawa ya wadudu ya halali Kenya iko na jina la kilicho ndani, namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali ya dawa za wadudu, na mstari wa rangi unaoonyesha ukali wake, nyekundu ikiwa ndio kali zaidi. Ya kupaka binadamu haisajiliwi na hao hata kidogo, ni Pharmacy and Poisons Board. Kichupa bila lebo kikimdhuru mtoto, daktari wa zamu anaanza kwa kubahatisha, na kwa sumu kubahatisha ni muda unapotea. Kama kuna mtu anasoma hii na tayari amempaka mtoto kitu cha namna hiyo, mvue nguo, mwoshe kichwa na sabuni na maji mengi, wewe mwenyewe ukivaa glavu ama mifuko mikononi, usimpe maziwa, usimtapishe, mkimbize hospitali na ubebe hicho kichupa hata kama kimeisha.

Na cha shosho, mama, usikimwage kwa sinki wala kwa mtaro hapo nje watoto wanacheza. Kifunge, kirudishe Njoro kwa zizi, na kama hakina lebo kibandike karatasi uandike kwa herufi kubwa, NG'OMBE TU.