Kutangaza mchezo wa treni mubashara kutoka Lubumbashi: ushauri kwa wanaoanza

Swali ambalo vijana wa hapa Lubumbashi, na mara nyingine wa Likasi na Kolwezi, huniuliza kuliko mengine ni kamera ya kununua ili waanze kutangaza michezo yao ya kompyuta mubashara. Huwajibu kwamba wasinunue kamera. Nimetangaza karibu kila Jumamosi kwa miaka mitatu bila watazamaji kuuona uso wangu, na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa kuwa wanaokuja kwangu wanakuja kutazama reli. Fedha ya kamera ingeweza kununua mega, yaani data ya mtandao, za miezi kadhaa, na mega, kama nitakavyoeleza, ndizo zinazoamua nani ataendelea na nani ataacha.

Mchezo wangu ni OpenTTD, na wengi hawaujui. Asili yake ni Transport Tycoon, mchezo alioutunga Chris Sawyer ukatoka mwaka 1994. Mwaka 2004 Ludvig Strigeus alitoa programu huria iliyoufuata na kuupanua, na watu wa kujitolea wanaitunza hadi leo. Mchezaji hujenga reli, barabara, bandari na viwanja vya ndege, husafirisha makaa ya mawe, madini na abiria, kisha hukaa na kutazama jinsi mtandao wake wa usafiri unavyokwenda au unavyokwama. Haulipiwi, na unakubali kompyuta ambazo michezo mipya ya mpira haiwezi hata kufunguka. Mimi nilianza na kompyuta ya mkononi ya mtumba yenye gigabaiti 4 za memori.

Anayechagua mchezo wa namna hii hana mshindani katika Kiswahili, lakini pia hana umati unaomsubiri mlangoni. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na anayeanza husikia la kwanza tu. Watazamaji wangu kwa wastani ni kumi na mmoja, baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo kila uamuzi, uwe wa vifaa, wa saa au wa lugha, mimi huupima kwa kujiuliza kama nitaweza kulifanya jambo hilo katika juma la arobaini, nikiwa nimetoka kazini nimechoka, mvua inanyesha, na watu wanne ndio waliofika.

Tuanze na mega. Programu ninayotumia kutangaza ni OBS Studio, ambayo nayo ni ya bure, na humo unachagua kasi ya data kwa kilobiti kwa sekunde. Ili kujua gharama ya saa moja, zidisha kasi hiyo kwa 0.45 na utapata megabaiti. Picha yangu inakwenda kwa kilobiti 1,500 na sauti kwa 128, yaani takriban megabaiti 733 kwa saa, au karibu gigabaiti moja na nusu kwa jioni ya saa mbili. Mwenye kupenda picha ya kilobiti 3,000 atatumia karibu gigabaiti 2.8 kwa muda uleule. Zidisha kwa Jumamosi nne, ulinganishe na bei ya vifurushi vya mtandao wako, kisha uniambie kama mfuko wako unakubali. Wengi walioacha baada ya mwezi mmoja hawakuacha kwa kukosa kipaji. Walitangaza kwa ubora ambao mishahara yao haikuweza kuubeba.

Pima pia kasi ya kupakia, ambayo huwa ndogo kuliko ile ya kupakua, na uipime saa ileile utakayotangaza, kwa sababu mtandao wa saa nne asubuhi na ule wa saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa kwenye simu, ni kama mitandao miwili tofauti. Mimi nilipima kwa siku saba mfululizo, nikachukua kipimo kibaya kuliko vyote, nikatumia nusu yake. Picha ya mistari 480 (480p) ikitiririka bila kukatika inampendeza mtazamaji kuliko ya mistari 720 inayoganda kila dakika. Hata hivyo maandishi madogo ya OpenTTD huharibika kabisa katika ukubwa huo wa 480, kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya mchezo ukuze vitufe na maandishi mara mbili. Epuka pia kuiburuta ramani ovyo kwa kipanya: picha inapobadilika yote kwa mara moja, kasi ndogo ya data haitoshi, na mtazamaji huona ukungu wa miraba. Ukitaka kuonyesha sehemu nyingine ya nchi, ruka huko moja kwa moja kupitia ramani ndogo.

Picha ikisumbua, usikisie. OBS ina dirisha la takwimu linalotenganisha fremu (picha moja moja zinazounda video) zilizopotea kwa sababu ya mtandao na fremu zilizorukwa kwa sababu kompyuta imeshindwa kubana picha kwa wakati. La kwanza linatibiwa kwa kupunguza kasi ya data. La pili linatibiwa kwa kupunguza ukubwa wa picha, au kwa kuiachia kadi ya michoro kazi ya kubana, ikiwa kompyuta yako inaruhusu. Nilipoteza miezi miwili nikinunua mega zaidi kwa ajili ya ugonjwa ambao ulikuwa wa kompyuta.

Kuhusu umeme nitasema machache, kwa maana kila mkazi wa mji huu anajua namna ya kuishi nao. Modemu iwe kwenye betri yake ndogo, na usiitegemee kompyuta kukaa muda wake wa kawaida, kwani kutangaza hula betri haraka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: rekodi matangazo yako kwenye diski huku ukitangaza, na uchague faili la aina ya MKV. Kompyuta ikizimika ghafla katikati, faili la MKV hubaki likisomeka hadi pale lilipokatika, ilhali MP4 ya kawaida huweza kupotea yote. OBS yenyewe itakubadilishia MKV kuwa MP4 baadaye. Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza jioni tatu nzima kabla ya kulijua hilo.

Anayetumia YouTube athibitishe akaunti yake kwa namba ya simu mapema, kwa sababu ruhusa ya kutangaza mubashara kwa mara ya kwanza huweza kuchukua hadi saa 24. Anayetaka kutangaza kwa simu ajue kwamba huko lazima kwanza awe na wafuatiliaji 50. Tena, katika OBS, chukua dirisha la mchezo peke yake, usichukue skrini yote. Mimi niliwahi kuichukua yote, na watazamaji wangu tisa wa wakati ule walisoma ujumbe wa mwenye nyumba kuhusu kodi ya mwezi wa nne, na wawili kati yao bado wananitania.

Kama kuna kifaa cha kutolea fedha, ni maikrofoni, hata ile ndogo ya kubana kwenye shati, mradi ikae karibu na mdomo. Mtazamaji wa mchezo wa polepole mara nyingi huwa anapika au anapiga pasi huku akisikiliza. Picha ikiwa mbaya atavumilia, sauti ikikwaruza ataondoka. Mimi ninaishi karibu na baa, na muziki wake uliwahi kuingia katika rekodi yangu kwa uwazi kiasi kwamba mfumo wa hakimiliki uliutambua wimbo na kuniwekea dai. Tangu hapo maikrofoni iko sentimita kumi kutoka mdomoni, dirisha linafungwa hata katika joto la mwezi wa kumi, na muziki pekee unaosikika ni ule huria wa mchezo wenyewe.

Kuzungumza peke yako ni kazi ngumu kuliko zote hizi. Kuna ucheleweshaji wa sekunde kadhaa, pengine nusu dakika, kati ya unachosema na wanachosikia. Ukiuliza swali kisha ukanyamaza kusubiri jibu, watakuta ukimya, nao watanyamaza. Uliza, endelea na kazi yako huku ukieleza unachofanya, na jibu litakukuta njiani. Ficha pia idadi ya watazamaji. Nilipokuwa naiona, sauti yangu ilishuka kila namba iliposhuka, na niliposikiliza rekodi niliona aibu.

Mwanzoni nilikuwa nikitengeneza reli zangu katikati ya juma, nikizisafisha makosa yote, kisha Jumamosi ninaonyesha kilichokamilika. Gumzo, yaani ujumbe ambao watazamaji huandika wakati wa matangazo, lilikuwa limekufa. Lililobadilisha mambo ni makutano moja niliyoyajenga nikiwa hewani, katika ramani niliyoitengeneza kwa kufuata Katanga yetu: reli inatoka Sakania, inapita Lubumbashi na Likasi hadi Tenke, na hapo inagawanyika, mkono mmoja ukielekea Kolwezi, Dilolo na hatimaye Lobito kule Angola, mwingine ukipanda Kamina. Tenke yangu ilikwama. Treni kumi na nne zilijipanga hadi karibu na Likasi, na sikuelewa sababu.

Jioni hiyo mpwa wangu alikuwa amemleta babu wa rafiki yake kutoka Kamalondo hapa mjini, mzee aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, akae nasi atazame. Alitazama kimya kwa dakika ishirini, kisha akauliza kutoka kwenye kiti chake: «Kijana wangu, mkia wa treni yako uko wapi?»

Nilimwambia, «Papa, imeshatoka kwenye makutano.»

«Kichwa ndicho kimetoka. Mkia je?»

Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimeweka ishara inayofuata, ile inayoiambia treni isimame au ipite, miraba miwili tu ya ramani baada ya makutano, na treni zangu zilikuwa na urefu wa miraba mitano. Kila treni iliyosimama kwenye ishara hiyo iliacha mabehewa yake juu ya makutano, na kwa kuwa ishara za aina niliyotumia huruhusu treni moja tu katika kila kipande cha reli, hakuna nyingine iliyoweza kupita upande wowote. Niliisogeza ishara mbele miraba minne zaidi, na foleni yote ikaanza kuyeyuka treni moja baada ya nyingine. Gumzo, ambalo kwa kawaida lilikuwa na maneno matano kwa saa, liliandikwa hadi sikuweza kulisoma. Tangu siku hiyo sijengi kitu nje ya matangazo, na nikikosea kosa linabaki pale mpaka mtu alione. Hilo halitafaa kwa kila mchezo, lakini michezo ya kujenga na kupanga inaishi kwa hilo.

Nilianza kwa Kifaransa, nikidhani ndicho kitakacholeta watu, na nikawa mmoja kati ya wengi wanaoutangaza mchezo huu kwa ustadi kunizidi. Nilipohamia Kiswahili nilipata mtazamaji wa Mombasa na wa Mwanza ndani ya majuma machache. Ninasema Kiswahili sanifu kadiri ninavyoweza, na ninapoteleza nikaingia katika kile cha Lubumbashi, wao huuliza, wa Kolwezi huwajibu, na hapo mazungumzo yanakwenda yenyewe bila mimi. Katika kutangaza saa, taja mji kila mara. Saa mbili usiku hapa ni saa tatu Dar es Salaam na Nairobi, ni saa moja Kinshasa, na ndugu zetu wa Brussels wana saa sawa na yetu katika majira yao ya kiangazi lakini wako nyuma yetu kwa saa moja wakati wa baridi yao. Mimi huandika «20:00 Lubumbashi», kwa sababu wapo wanaosoma «saa mbili» kwa namna ya Kifaransa wakafika saa nane mchana.

Rekodi zipe jina la mahali na tarehe, uzihifadhi pia kwenye diski ya nje, kwani wengi watakujua kupitia rekodi kuliko siku ya matangazo yenyewe. Ile ya Tenke ndiyo inayotazamwa kuliko zote nilizonazo. Sauti ya Papa, yule mzee wa reli, inasikika kwa mbali sana, na wengine huniandikia kuuliza alisema nini hasa. Nimekwisha kununua maikrofoni ya pili, naye ameahidi kurudi mvua zikipungua.