Miguu ya mama: soksi, mabuti ya upepo au sahani ya umeme?

SWALI: Shikamoo Anti. Mama yangu ana miaka 66 na sukari anayo muda mrefu. Jioni miguu inamvimba mpaka alama ya mpira wa soksi inabaki imechoreka, usiku analalamika ganzi na baridi ya vidole. Mi kila nikishika simu naletewa matangazo ya vifaa vya mzunguko wa damu, sasa nimebaki na vitatu kichwani, soksi za kubana, yale mabuti yanayojaa upepo, na ile sahani ya umeme mtu anakanyaga huku kakaa. Kaka anasema vyote wizi, tununue tu mashine ya masaji. Nichukue kipi? – Binti Mkubwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujatoa hela nikuulize, damu ya mama inashindwa kushuka au inashindwa kupanda? Maana matangazo yanasema "mzunguko" basi, wakati ateri ndo zinapeleka damu miguuni na vena ndo zinairudisha juu, na kifaa cha kumsaidia mwenye shida ya kurudisha kinaweza kumuumiza kabisa mwenye shida ya kupeleka.

Wa vena asubuhi anaamka miguu imepungua, jioni imejaa na mizito, mishipa imetokeza kama kamba, ngozi ya juu ya kifundo inageuka kahawia. Wa ateri yeye akitembea kidogo vigimbi vinambana mpaka asimame, akipumzika dakika chache yanaisha, akianza tena yanarudi, na kidonda kidogo tu cha kidoleni kinakaa wiki na wiki hakifungi. Mama yako naona ana dalili za huku na huku, kuvimba jioni ni upande wa vena, baridi ya vidole upande wa ateri. Ganzi yenyewe kwa mwenye sukari mara nyingi ni neva, yaani mishipa ya fahamu, zimeharibika, hiyo usitegemee kifaa chochote kati ya hivyo kiiponye.

Kwa hiyo kwanza mpeleke akapimwe presha ya kifundo cha mguu ilinganishwe na ya mkono. Hakuna sindano wala nini. Uwiano wa 1.0 mpaka 1.4 ni wa kawaida, chini ya 0.9 ateri zimeziba kiasi. Ila wenye sukari ateri zao huwa zinakakamaa, kipimo kinadanganya kinasoma juu sana, hapo mwambie daktari ampime presha ya kidole gumba cha mguu. Na umtajie dawa zote anazomeza, kuna dawa za presha kama amlodipine zinavimbisha miguu zenyewe, watu wanahangaika na mashine kumbe tatizo liko kwenye vidonge. Moyo na figo pia viangaliwe.

Sasa vifaa. Ateri zikiwa salama mi naanza na soksi, wala sisiti. Zinabana zaidi kifundoni halafu mkazo unapungua kadiri zinavyopanda, ndo maana damu inasukumwa juu. Za kawaida mkazo wake ni milimita 15 mpaka 20 za zebaki, kipimo kilekile cha presha, zinazofuata ni 20 mpaka 30 na hizo mtu asijiandikie mwenyewe. Usinunue kwa saizi ya kiatu! Chukua tepu umpime mzunguko wa kifundo na wa kigimbi asubuhi kabla hajavimba. Kuvaa nako ni kazi, geuza soksi nje ndani mpaka kisiginoni, ingiza mguu, kisigino kikae mahali pake, halafu panda nayo kidogokidogo kwa viganja, glavu za mpira za kuoshea vyombo zinasaidia sana. Ikizidi urefu usiikunje pale juu, lile kunjo linageuka kamba ya kufungia mguu.

Mabuti ya upepo yana vyumba vinavyojaa kuanzia wayo kupanda, yanakamua, yanaachia. Hospitali wanayatumia kwa waliofanyiwa upasuaji wasiotembea, damu isigande, na kwa uvimbe wa limfu, yale majimaji ya mwili yakishindwa kupita na kujaa mguuni, yanafanya kazi kwelikweli. Ila ni ya kukaa nayo, ukivua mguu unaanza kujaa tena taratibu. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu au anayehisiwa ana bonge la damu mguuni asiyaguse.

Ile sahani niliwahi kuijaribu mwenyewe. Nikapandisha namba za nguvu ya umeme wee, kimya, kumbe nyayo zilikuwa kavu, nilipozilowesha kidogo vigimbi vikaanza kurukaruka vyenyewe nikacheka peke yangu. Wazo si baya, vigimbi ndo pampu ya kurudisha damu, wengine wanaviita moyo wa pili. Lakini mtu anayeweza kutembea anaiwasha pampu hiyohiyo kila hatua, mi naiona inamfaa zaidi wa kukaa kutwa asiyeweza kuinuka. Mwenye betri ya moyo asikanyage kabisa, mjamzito vilevile. Na mama mwenye ganzi atapandisha namba bila kuhisi kitu, hapo mi sikubali.

Kaka mwambie masaji inaburudisha, haizibui ateri. Yenye joto ndo kabisa isimkaribie mama, mguu usiohisi unaungua mtu anaangalia tivii.

Kipimo kikionyesha ateri zimeziba kiasi, dawa mojawapo ni miguu yake mwenyewe, daktari akiridhia na kama hana kidonda. Atembee mpaka maumivu yashike, apumzike, aendelee, dakika 30 mpaka 45, mara tatu kwa wiki, wiki 12 hivi ndo mtaona tofauti. Ila mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hasa na pumzi ikikata, hospitali saa hiyohiyo, mambo ya soksi baadaye.

SWALI: Anti, hizo soksi ninazo, zinanichosha. Nilale nazo? – Mchovu

JIBU: Hapana mpenzi, kama daktari hajakwambia ulale nazo, vua. Vaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, usiku inua miguu kwenye mito ipite usawa wa moyo, na uangalie ngozi kila ukivua. Kama unazo tangu mwaka jana mpira umeshalegea, baada ya miezi 6 hivi zinabadilishwa. Na zikianza kuvalika kirahisi ujue hazibani tena, umevaa soksi tu.