Biskuti za siagi zenye matunda ndani: maswali yenu

Kila Idi ikikaribia, na tena mwezi wa Desemba watoto wakishafunga shule, maswali yanayonifikia kwa wingi ni ya biskuti za kujaza: za tende, za nanasi, za jamu. Leo nayajibu yale yanayojirudia. Ili tuelewane, vipimo ninavyovizungumzia ni hivi: siagi gramu 250, sukari ya unga gramu 100, kiini cha yai 1, unga wa ngano gramu 375 (vikombe 3 vya mililita 250, bila kushindilia), hiliki ya kusaga, na chumvi kidogo ikiwa siagi yenyewe haina. Utapata biskuti kama 40. Hamira haiingii, wala beking pauda. Biskuti hii ikiumuka hupasuka, na mjazo ukachungulia nje.

Shikamoo shangazi. Nafuata vipimo vyote lakini donge linakuwa laini mno, linaning'ang'ania mikononi. Nikiongeza unga, biskuti zinatoka ngumu kama kokoto. Nakosea wapi? (Msomaji wa Tanga)

Marahaba mwanangu. Vipimo hujakosea, joto ndilo linalokushinda. Mapishi mengi ya biskuti yaliandikwa na watu wa nchi za baridi. Wakisema siagi iwe ya joto la chumbani, chumba chao kina nyuzi 18 au 20. Jikoni kwako Tanga mwezi wa pili, saa nane mchana, joto limeshapita nyuzi 30, na siagi ikifika kwenye nyuzi 32 hadi 35 inakuwa mafuta ya kumiminika. Ukiiacha mezani nusu saa kama walivyoandika, umeshaipoteza.

Fanya hivi. Itoe siagi kwenye friji, ikate vipande vidogo, na usiende mbali. Baada ya dakika tano hadi kumi bonyeza kipande kimoja: kidole kiache shimo, lakini kisizame, na siagi isimetemete. Hapo ndipo pa kuanza kuichanganya na sukari. Ikishageuka nyeupe kidogo, tia kiini cha yai na hiliki, kisha unga, na uukusanye kwa ncha za vidole mpaka ushikane tu. Usiukande kama wa chapati. Unga wa ngano ukikandwa sana unavutika, na kwenye chapati tunautaka uvutike, lakini biskuti ya siagi inatakiwa imumunyuke mdomoni. Huo ugumu wa kokoto unaoulalamikia umetokana na mambo mawili kwa pamoja: unga ulioongeza, na kule kuukanda tena ili uuingize.

Donge likiwa tayari, libonyeze liwe bapa, lifunge kwenye mfuko safi wa nailoni na uliweke kwenye friji dakika 40. Bapa, si mviringo, maana mviringo unapoa nje na kati unabaki na joto. Kisha usilitoe lote. Toa robo, tengeneza, rudisha, toa robo nyingine. Biskuti zikishajazwa zirudi tena kwenye friji dakika 15 kabla hazijaingia motoni. Wengi wanairuka hatua hiyo ya mwisho kwa haraka, halafu wanashangaa biskuti zimetandazika kama vitumbua vilivyokaliwa.

Na uoke alfajiri au usiku. Mimi za Idi nazianza baada ya sala ya alfajiri, jiji bado limepoa.

Jamu ya dukani inachemka ndani ya biskuti, inatoka pembeni na kuungua kwenye trei. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

Jamu ya kupaka mkate ina maji mengi kwa kazi hii. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inatafuta ufa, na ufa itaupata. Ukitaka kuitumia, itumie kwa biskuti za wazi: tengeneza kidonge, kibonyeze katikati kwa kidole gumba, tia jamu nusu kijiko cha chai, oka. Kwa biskuti ya kufunga, pika mjazo wako mwenyewe, na kwa maoni yangu hakuna tunda linaloshinda nanasi.

Chukua nanasi moja lililoiva, la kilo moja na nusu hivi. Ukiwa karibu na barabara ya Bagamoyo msimu ukiwepo, yale ya Kiwangwa ni matamu kiasi kwamba sukari utaipunguza. Limenye, toa macho yote, likwaruze kwenye kikwaruzo, kisha likamue kwenye chekeche. Juisi kunyweni, hapa haina kazi. Makapi yaliyobaki yatie kwenye sufuria pana na sukari gramu 120, kijiti cha mdalasini, karafuu mbili na maji ya nusu limau.

Moto uwe wa wastani, nawe usimame hapohapo. Dakika ishirini za kwanza utaona kama hakuna kinachotokea, ni mvuke tu. Kisha sauti inabadilika: ule mchemko wa maji unageuka kuwa mtokoto mzito, na rangi inatoka njano kwenda ya asali. Hapo punguza moto na ukoroge bila kuacha. Umeiva pale unapopitisha mwiko katikati na kuiona sehemu ya chini ya sufuria, na njia uliyochora haijifungi. Acha upoe kabisa, viringa vidonge vya gramu 8. Kidonge kisiponata kiganjani, kazi imekwisha. Kikinata, rudisha jikoni dakika tano nyingine.

Waindonesia wana biskuti ya namna hii hasa, wanaiita nastar, jina lililotokana na maneno mawili ya Kiholanzi: ananas, yaani nanasi, na taart, yaani keki. Wanaipika kwa Idi kama sisi na tende zetu.

Maembe nayo yanafaa kwa njia hiyohiyo, ila yanataka subira zaidi. Mapera ni rahisi kuliko yote kwa kugandisha. Yachemshe, yapitishe kwenye chekeche mbegu zibaki, kisha upike na sukari na limau.

Naweza kuweka vipande vya embe bivu moja kwa moja bila kupika? (Kijana anayejifunza, Dodoma)

Hapana. Maji ya embe yatalowesha biskuti kutoka ndani, nayo itabaki mbichi katikati hata ukiioka saa nzima. Matunda yaliyokaushwa unaweza kuyatumia, kama zabibu zilizokatwakatwa au embe kavu lililolowekwa kidogo na kukamuliwa.

Tende zipi zinafaa, na naziandaaje? (Msomaji wa Unguja)

Zile laini zinazouzwa zikiwa zimeshindiliwa kwenye pakiti, ambazo watu hawazipendi kwa kufuturu kwa sababu hazina sura, ndizo bora kwa kujaza, na bei yake ni nafuu. Tende kavu ngumu ziache.

Gramu 300 zinatosha vipimo vyangu. Zitoe kokwa moja moja kwa mkono, hata pakiti ikisema hazina. Niliwahi kuiamini pakiti, na mgeni wangu mmoja, mzee wa heshima, akauma kokwa siku ya Idi pili. Alinyamaza kwa adabu, lakini niliona alivyoshika shavu. Tangu siku hiyo kila tende inapita kwenye vidole vyangu.

Zipashe kwenye kikaango na kijiko kimoja cha siagi, moto mdogo, ukiziponda kwa mwiko. Maji usitie. Tia hiliki, mdalasini kidogo, na ufuta uliokaangwa ukipenda. Tende zina utamu wa kutosha, kwa hiyo sukari haina nafasi hapa, na ndiyo maana donge lenyewe nalo nimelipa sukari ndogo. Mjazo ukiwa na uvuguvugu usiushike. Uache upoe, kwa sababu mjazo wa moto unayeyusha siagi ya donge kwa ndani, na ufa unaanzia hapo.

Shangazi, hapa Muscat majirani wanaleta maamul. Ni kitu kimoja na biskuti zetu za tende? (Msomaji wa Oman)

Ni ndugu. Maamul ya Sham, yaani Syria, Lebanoni na Palestina, kwa kawaida hutengenezwa kwa semolina, ile ngano ya chengachenga, ambayo hulowekwa kwa samli au siagi saa nyingi kabla ya kukandwa. Inatiwa pia maji ya waridi au ya maua ya michungwa, na sura inatoka kwenye kibao cha mti kilichochongwa nakshi. Yetu ni ya unga laini, inakwisha asubuhi moja, na nakshi tunapiga kwa uma. Ukiipenda ile chengachenga, badilisha gramu 100 za unga kwa semolina laini na ulaze donge kwenye friji usiku kucha.

Sina oveni. Nina jiko la mkaa na sufuria tu. (Wasomaji wengi, Kigoma, Mbagala na kwingineko)

Bibi zetu walipika mikate ya kumimina kwa kupalia makaa, moto juu na moto chini, na biskuti zinaiva kwa njia hiyohiyo. Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa wa bati. Chini tandaza mchanga mkavu uliooshwa, unene wa vidole viwili, uweke kibati kilichoinuliwa kidogo ili trei isiguse mchanga. Funika, ipashe moto dakika 15. Kisha punguza makaa ya chini yabaki machache, na uyahamishie mengi juu ya mfuniko. Juu pawe na moto zaidi ya chini, kwa sababu chini ya biskuti ndiko kunakoungua kwanza.

Tia biskuti nane au kumi, si zaidi. Usifunue kabla ya dakika 12. Ukifunua, inua biskuti moja kwa kisu uone chini yake: ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, imeiva, hata kama juu bado nyeupe. Kipimo hichohicho kinatumika kwa wenye oveni, nyuzi 175, dakika 15 hadi 18. Anayesubiri juu iwe kahawia anakula biskuti kavu. Zikitoka zitakuwa laini za kuvunjika, zisiguswe dakika kumi, zinakaza zenyewe zikipoa.

Siagi ni ghali. Majarini haifai? (Msomaji wa Nakuru)

Inafaa, biskuti itashikana, ila ile harufu inayofanya watoto waje jikoni bila kuitwa haitakuwepo. Siagi halisi ina mafuta ya maziwa angalau asilimia 80. Soma kopo la majarini: ikiandikwa mafuta asilimia 60 au pungufu, maji yake ni mengi na donge litakusumbua. Mimi ningechanganya nusu kwa nusu kuliko kuiacha siagi kabisa. Samli nayo ni nzuri, lakini haina maji hata kidogo, kwa hiyo tumia gramu 200 badala ya 250, na uongeze kijiko kimoja au viwili vya maziwa baridi.

Zinakaa muda gani bila kuharibika? Nataka kuanza kuuza. (Dada wa Kahama)

Hongera, mdogo wangu. Za tende zikipoa kabisa kabla ya kufungwa, kwenye chombo kisichopitisha hewa, zinakaa wiki mbili bila wasiwasi. Za nanasi mimi huzihesabia wiki moja. Ukizifunga zikiwa na joto, mvuke unageuka maji ndani ya kopo, na siku ya tatu utaona ukungu. Usizichanganye aina mbili kwenye kopo moja, za nanasi zitazilainisha za tende.

Kwa biashara, nunua mizani ndogo kabla ya kitu kingine chochote. Donge gramu 18, mjazo gramu 8, kila moja, kila siku. Mteja akifungua pakiti akute zinalingana. Na kabla ya kutangaza bei, oka trei moja, iache koponi siku saba, kisha uionje mwenyewe ya siku ya saba.