Naosha pua, lakini adrenalini haina mbadala

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mlo na taratibu za maisha za Ayurveda vinaweza kumsaidia mwenye mzio. Kwa mzio wa pua nasema ndiyo, kwa kiasi. Kwa mzio wa chakula au wa sumu ya nyuki nasema hapana. Mimi ni wa pua: chavua na vumbi vikizidi napiga chafya mfululizo na macho yanawasha.

Tiba hii ya kale ya India huyaona mafua ya namna hiyo kuwa kapha iliyozidi, yaani ubaridi, uzito na unyevu mwilini, huku agni, moto wa kumeng'enya chakula, ukiwa umefifia. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ale chakula cha moto kilichopikwa karibuni, chenye tangawizi na pilipili manga, apunguze vitu baridi, vitamu na vya maziwa, na asilale mchana. Maabara inaeleza vingine: kingamwili za IgE hukutana na chavua, seli zikamwaga histamini, kemikali inayoleta chafya na muwasho. Sioni haja ya kulazimisha maelezo hayo mawili yalingane. Chai ya tangawizi hunizibua pua kwa muda, nami naipenda kwa hilo. Mzio wenyewe haiugusi.

Ninachokitetea kwa moyo wote ni kuosha pua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, desturi ya watu wa yoga ambayo hata madaktari wa pua huipendekeza. Kipimo ni gramu 9 za chumvi kwa lita ya maji. Lakini jamani, maji yachemshwe kwanza, dakika 1 nzima yakitokota, au dakika 3 kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, kisha yapoe. Maji mabichi yanaweza kuwa na ameba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye akipenya puani hufika kwenye ubongo, na wachache mno hupona. Dawa ya kupuliza niliyoandikiwa na daktari siiachi. Naosha kwanza, ndipo napuliza.

Kuna jambo linalonitia hofu kwa sababu halisemwi vya kutosha. Nasya, yaani kutia matone ya mafuta puani, mara nyingi hufanywa kwa mafuta ya ufuta, na ufuta ni mzio mkubwa kwa baadhi ya watu. Marekani imelazimisha utajwe kwenye vifungashio tangu 2023. Samli na asali nazo hutumika katika tiba hii: samli inaweza kubaki na protini za maziwa, na asali huwa na chavua. Mwenye mzio asikubali chochote kabla ya kuuliza kimetengenezwa na nini. Vidonge vya Ayurveda mimi sivigusi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 zilizouzwa eneo la Boston, na 14 zilikutwa na metali zenye sumu: risasi, zebaki au aseniki.

Na wanaowaambia wazazi kwamba agni ya mtoto ikiimarika ataweza kula karanga, nawasihi waache. Mtoto aliyevimba midomo na kubanwa pumzi hahitaji chai. Anahitaji sindano ya adrenalini pajani papo hapo, kisha hospitali, hata akionekana amepata nafuu, kwa sababu dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye.